Kilichomo Dirishani Ndicho Kilichopo: Mwongozo Kamili wa Kuuza, Kununua na Kubadilishana Mali katika Michezo ya Mtandaoni

Upanga nilioupoteza ulinichukua karibu miezi miwili kuupata, na ulitoka mikononi mwangu kwa muda usiozidi sekunde tano. Mnunuzi aliweka sarafu 12,000,000 kwenye dirisha la biashara, yaani kisanduku cha skrini ambamo kila upande huweka anachotoa, nami nikauweka upanga upande wangu. Kisha akaandika kwamba amekumbuka kuniongezea kidogo, akaziondoa sarafu zote, akaziweka tena, na papo hapo akaanza kunihimiza nikubali upesi kwa kuwa wenzake walikuwa wakimsubiri vitani. Zilizorudi zilikuwa 1,200,000. Tarakimu zilikuwa zile zile na kwa mpangilio ule ule, ila sifuri moja ilikuwa imepungua, na macho yangu yalikuwa kwenye ujumbe wake badala ya kuwa kwenye dirisha.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mchezaji anayetaka kufanya biashara na wachezaji wenzake bila kupigwa changa la macho kama nilivyopigwa mimi. Mbinu za matapeli ni nyingi na hubadilika kila msimu, lakini karibu zote hupitia pengo moja: mfumo wa mchezo unatambua kile tu kilichomo dirishani wakati pande zote mbili zinapobonyeza kitufe cha kukubali. Ahadi iliyotolewa kwenye gumzo, picha ya skrini inayoonyesha malipo, sifa alizopewa muuzaji, urafiki wa miezi mitatu, vyote hivyo mfumo hauvijui na hauwezi kuvitekeleza. Kazi ya tapeli ni kukuaminisha kwamba sehemu fulani ya makubaliano inaweza kukaa nje ya dirisha kwa muda mfupi tu, na hatua zote zinazofuata zinalenga kumnyima nafasi hiyo.

Hatua ya 1: Soma sheria za mchezo wako kabla ya kuweka chochote sokoni

Michezo haifanani katika jambo hili, na tofauti zake ni kubwa kuliko wengi wanavyodhani. Katika EVE Online, mchezo wa anga uliotolewa mwaka 2003 na kampuni ya CCP, utapeli wa kibiashara kati ya wachezaji unaruhusiwa na huhesabiwa kuwa sehemu ya mchezo wenyewe. Anayekuuzia meli kwa bei mara mia ya thamani yake, kwa mkataba ulioandikwa kwa hila, hataadhibiwa, na gumzo la Jita, ambako ndiko soko kuu la ulimwengu huo, hujaa matangazo ya watu wanaoahidi kukurudishia maradufu kila utakachowatumia. Mahali kwingine utapeli umekatazwa, lakini katazo halina maana ya kurudishiwa. Idara ya msaada ya Steam, duka la mtandaoni la michezo ya kompyuta, imeweka wazi kwamba hairudishi vitu vilivyokwisha kutoka kwenye akaunti, iwe vilibadilishwa, viliuzwa sokoni au vilitolewa zawadi. Anayelaghai anaweza kufungiwa akaunti, na mali yako ikabaki imepotea vile vile.

Kwa hiyo tafuta majibu ya maswali matatu. Je, mchezo una dirisha rasmi la kubadilishana au soko la mnada, au watu hutupa vitu chini na kuokota? Je, kuna muda wa kutengua biashara baada ya kukubali? Na je, kuuza mali ya mchezo kwa pesa halisi kumeruhusiwa? Swali la tatu ndilo wachezaji hulipuuza, nalo ndilo linaloamua kama utakuwa na mtu wa kumlalamikia mambo yakiharibika, maana hutaweza kueleza ulivyotapeliwa bila kukiri kwamba na wewe ulivunja sheria.

Makatazo hayo yana historia. Mwishoni mwa mwaka 2007 kampuni ya Jagex, inayotengeneza RuneScape, iliamua kuondoa mapigano huria katika eneo la Wilderness, na mapema mwaka 2008 ikaweka kikomo cha tofauti ya thamani kati ya vitu viwili vinavyobadilishwa, kwa lengo la kuwakata miguu wauzaji wa sarafu kwa pesa halisi, ambao sehemu ya malipo yao ya uanachama ilikuwa ikitoka kwenye kadi za wizi. Wachezaji wa kawaida walishindwa hata kumpa rafiki zawadi ya maana, na biashara huria haikurudi hadi Februari 2011. Kampuni ya Blizzard nao walijaribu njia iliyo kinyume kabisa: waliweka ndani ya mchezo wao wa Diablo III, mwaka 2012, soko la mnada la pesa halisi, wakalifunga tarehe 18 Machi 2014 kwa sababu lilikuwa limeua raha ya kutafuta silaha kwa kucheza. Nayataja haya ili msomaji aelewe kwamba kampuni inapokataza au kuweka vizuizi vya kuudhi, mara nyingi imeshaonja madhara yake.

Hatua ya 2: Linda akaunti yako kwanza

Hakuna ustadi wa biashara utakaokusaidia ikiwa mtu mwingine anaweza kuingia kwenye akaunti yako na kukubali kwa niaba yako. Mwezi Desemba 2015 kampuni ya Valve, inayomiliki Steam, ilieleza hadharani kwamba akaunti zipatazo 77,000 zilikuwa zikitekwa na kuporwa kila mwezi. Jibu lao lilikuwa kuwahimiza wachezaji wathibitishe kila biashara kwenye simu, na asiye na uthibitisho huo akawekewa kizuizi cha muda. Siku hizi kizuizi hicho hufikia siku 15 kabla mali haijamfikia mpokeaji. Washa uthibitisho wa hatua mbili kwenye mchezo, na uuwashe kwenye barua pepe iliyofungua akaunti hiyo pia, kwa maana anayeshika barua pepe yako anaweza kubadilisha nenosiri la kila kitu kingine.

Baada ya hapo, jifunze kutambua ukurasa bandia wa kuingilia. Kuna ujanja unaowanasa hata wazoefu: unabofya kiungo cha shindano au cha kupigia kura timu ya rafiki, na linafunguka dirisha dogo lenye anwani sahihi kabisa ya Steam juu yake, hata alama ya kufuli ipo. Dirisha hilo ni mchoro tu uliochorwa ndani ya ukurasa wa tapeli. Jaribio lake ni jepesi: lishike kwa kipanya na ulivute nje ya mpaka wa kivinjari. Dirisha la kweli litatoka. La bandia litagota ukingoni. Programu ya kutunza manenosiri nayo ni mlinzi mzuri, kwa sababu inalinganisha anwani halisi ya ukurasa, na ikikataa kujaza nenosiri lako mahali ambapo siku zote hulijaza, simama hapo hapo.

Nenosiri halihitajiki ili uporwe. Msimbo wa QR unaoonyeshwa na roboti ya Discord, programu ya gumzo la wachezaji, kwa kisingizio cha kukuthibitisha unaweza kuwa ni ule wa kuingilia kwenye akaunti, na ukiuchanganua na kukubali unakuwa umemfungulia mlango mtu aliyekaa upande wa pili. Kwenye Roblox, jukwaa la michezo la mtandaoni, matapeli huwaomba watoto wafungue zana za kivinjari, wanakili maandishi fulani marefu na kuwatumia, eti ili wakaguliwe au wapewe bure Robux, sarafu ya Roblox. Maandishi hayo ni kuki ya kuingilia, yaani kitambulisho kinachoiambia tovuti kuwa ni wewe bila kuuliza nenosiri, na mwanzo wake kabisa Roblox wameandika onyo kwamba ukimpa mtu ataweza kuingia kama wewe na kuiba Robux na vitu vyako. Mtoto mwenye miaka kumi hawezi kuwa amelielewa onyo hilo, na mzazi au ndugu mkubwa atafanya jambo la maana akikaa naye na kulisoma pamoja.

Hatua ya 3: Ijue bei, na ujue pia namna bei inavyopikwa

Kabla ya kukubali bei yoyote, itafute katika sehemu mbili zisizotegemeana: soko rasmi la mchezo, na kumbukumbu ya mauzo yaliyokwisha kufanyika. Bei inayoombwa haina uzito sawa na bei iliyolipwa. Mtu yeyote anaweza kutangaza pete ya shaba kwa sarafu milioni mia, na tangazo hilo halithibitishi lolote zaidi ya kwamba yeye anatamani kulipwa hivyo.

Hata wastani wa mauzo unaweza kupikwa. Katika Roblox, kila kitu cha toleo lenye kikomo huonyeshwa na wastani wa bei zake za karibuni, na tapeli anaweza kununua kitu cha thamani ndogo kutoka kwa akaunti yake nyingine kwa bei ya juu mara kadhaa, mpaka wastani uongezeke. Kisha anakujia na kitu hicho na kukuonyesha kwamba kinazidi thamani ya chako. Dawa yake ni kuangalia mchoro wa bei wa miezi kadhaa: kitu kilicholala bondeni mwaka mzima na kupaa ghafla wiki iliyopita, bila sababu yoyote inayojulikana, hakistahili kupokewa kwa bei yake ya leo.

Mtego mwingine, ambao kwa maoni yangu ndio uliosukwa kwa ufundi zaidi, unahitaji watu wawili, au mtu mmoja mwenye akaunti mbili. Wa kwanza anatangaza kwenye gumzo la dunia nzima kwamba anatafuta jiwe fulani adimu na atalipa sarafu 500,000. Dakika kumi baadaye, wa pili anatangaza kwamba anauza jiwe hilo kwa 300,000. Wewe uliyesoma matangazo yote mawili unajiona mjanja, unanunua kwa wa pili, unakimbia kwa wa kwanza, na wa kwanza ametoka mchezoni. Jiwe lenyewe lina thamani ya 20,000. Hakuna aliyekudanganya kwa neno lolote ndani ya dirisha, na ndiyo maana walinzi wa mchezo mara nyingi hawatakusaidia. Mtu akitangaza kununua kwa bei inayozidi soko, usinunue kitu kwa ajili yake mpaka pesa yake iwe imefungwa kwenye soko rasmi, kwa agizo la ununuzi ambalo mfumo wenyewe umelipokea. Hata hapo, soma kiwango cha chini cha idadi anachokubali: agizo linaweza kudai vipande kumi kwa mpigo, wakati sokoni vipo vinne.

Usisahau makato. Soko la Steam hukata jumla ya asilimia 15 kwa vitu vya mchezo wa risasi wa Counter-Strike, asilimia 5 zikiwa za Steam na 10 za mchezo, na pesa inayobaki huingia kwenye pochi ya Steam bila njia ya kuitoa kama fedha taslimu. Roblox hukata asilimia 30 ya Robux zinazowekwa kwenye mabadilishano. Anayekuomba mkwepe makato kwa kufanya biashara pembeni anakuomba pia uache ulinzi uliolipiwa na makato hayo.

Hatua ya 4: Kikague kitu chenyewe

Usinunue mbuzi kwenye gunia. Picha ndogo ya kitu haitoshi, kwa sababu vitu viwili vinavyofanana machoni vinaweza kutofautiana bei mara hamsini. Katika Counter-Strike, skini (pambo la rangi na michoro) ile ile ya bunduki ina viwango vya uchakavu vinavyotokana na namba iliyo kati ya 0 na 1, na yenye namba ndogo, iliyo mpya, huweza kuwa ghali kuliko iliyochakaa. Matapeli pia hutumia lebo ya jina: wananunua skini ya bei rahisi na kuipa jina la skini ya kifahari. Jina lililobandikwa na mchezaji huonekana kati ya alama za kunukuu, na alama hizo mbili ndogo ndizo zinazopaswa kukusimamisha.

Watengenezaji wa Path of Exile walilichukulia jambo hili kwa uzito unaostahili: huwezi kukubali biashara mpaka upitishe kipanya juu ya kila kitu alichoweka mwenzako, ili maelezo yake yajitokeze. Fanya hivyo hivyo katika kila mchezo, hata usiokulazimisha, na usome maelezo mpaka mstari wa mwisho: daraja, ngazi, idadi, kama kimefungwa kwa akaunti, na muda wake wa kuisha.

Hatua ya 5: Utaratibu wa dirishani

Hapa ndipo mali hupotea, kwa hiyo hapa ndipo pa kutumia muda mwingi. Mimi hufuata mpangilio mmoja kila mara, hata kwa kitu cha sarafu mia, kwa sababu mazoea yasiyozoezwa kwenye vitu vidogo hayatakuja yenyewe siku ya kitu kikubwa.

Naandika makubaliano yote kwenye gumzo kabla ya dirisha kufunguka: kitu gani, daraja gani, idadi ngapi, sarafu ngapi kwa tarakimu na kwa maneno. Maneno ni muhimu, kwa maana macho huruka sifuri lakini hayaruki neno «milioni». Dirisha likishafunguka, namwomba mwenzangu aweke vyake vyote kwanza, kisha naweka vyangu, na kuanzia hapo sisomi gumzo tena. Nikiona chochote kimetolewa au kimeongezwa upande wake, hata akisema anasahihisha kosa, nafunga dirisha na kuanza upya. Mwaminifu atachukia kidogo na kurudi; tapeli ataleta hoja ndefu. Michezo mingine ina msaada: RuneScape huonyesha alama nyekundu inayometameta pale kitu kinapoondolewa, kisha huleta skrini ya pili inayoorodhesha unachotoa na unachopokea. Skrini hiyo ya pili ilizaliwa kutokana na kilio cha waliobadilishiwa vitu sekunde ya mwisho, na anayeibonyeza bila kuisoma anaitupa zawadi hiyo. Naisoma kwa kuhesabu sifuri tatu tatu kutoka kulia, kidole kikiwa kwenye kioo.

Kisha kuna makubaliano yasiyotosha dirishani. Dirisha lina nafasi chache, na mtu anakwambia: vitu vyangu ni vingi, tufanye mara mbili, utanipa chako sasa, nami nitamalizia kwenye mzunguko wa pili. Mzunguko wa pili hautakuwepo. Ikiwa ni lazima biashara igawanywe, kila mzunguko uwe na usawa wake wenyewe, kiasi kwamba ukikatika baada ya wa kwanza, hakuna aliyedhulumiwa. Kinachofanana na hayo ni kubadilishana mali ya mchezo mmoja kwa mali ya mchezo mwingine: mifumo hiyo miwili haifahamiani, kwa hiyo mmoja wenu lazima atangulie kutoa kwa imani tupu. Sifanyi biashara hiyo, na sijawahi kukutana na bei iliyonishawishi.

Kuazimana nako ni kutoa. Anayekuomba kofia yako ya dhahabu apigie picha, akuboreshee silaha, au akunakilie kwa siri aliyoigundua, anaomba biashara ambayo upande wake hauna kitu. Yule anayeahidi kukurudishia mara mbili mara nyingi atakurudishia kweli kwa kiasi kidogo, mara ya kwanza na ya pili, ili uthubutu kuleta akiba yote mara ya tatu.

Barua za ndani ya mchezo zina mtego wake. World of Warcraft huruhusu kutuma kifurushi kinachodai malipo pale kinapopokelewa, na mtu anayepokea barua nyingi kwa kubofya haraka haraka anaweza kujikuta amelipia kitambaa kimoja kwa bei ya rundo zima. Mikataba ya EVE nayo ina sehemu mbili, utakacholipa na utakachopata, na maelezo yaliyoandikwa na muuzaji yanaweza kusema hili wakati sehemu hizo zinasema lile. Soma sehemu hizo mbili peke yake, ukiyachukulia maelezo ya muuzaji kuwa ni tangazo tu.

Adopt Me!, mchezo ulio ndani ya Roblox na wenye wachezaji wengi wadogo, unamtaka mchezaji apate leseni ya biashara, kwa kupitia maswali ya kutambua mabadilishano ya haki na ya kilaghai, kabla ya kubadilishana wanyama wa madaraja ya juu. Ningependa kuona michezo mingi ikiiga hatua hiyo.

Hatua ya 6: Dalali

Watu wawili wasioaminiana hutafuta wa tatu wa kushika mali. Hilo lina mantiki, ila dalali ni mtu mwingine wa kumwamini, na mara nyingi ni mwenzake na tapeli, au ni akaunti iliyonakili jina na picha ya dalali anayejulikana, herufi ndogo «l» ikiwa imewekwa mahali pa «I» kubwa. Kama mchezo wako una njia rasmi, dalali hahitajiki. Kama hauna, mtafute dalali wewe mwenyewe kupitia orodha ya wasimamizi wa jumuiya, mfuate kwenye akaunti uliyoifungua kutoka kwenye orodha hiyo, na usikubali kamwe kuongezwa kwenye kikundi ambacho dalali ameshakaa anakusubiri.

Hatua ya 7: Uthibitisho wa simu, na ufunguo usioujua

Wizi ufuatao wa Steam naueleza kwa urefu kwa sababu mwathirika huwa amefanya karibu kila kitu sawasawa. Wiki kadhaa zilizopita uliingia kwenye tovuti bandia. Nenosiri lako lilichukuliwa, lakini hakuna kilichoibwa, ukasahau. Mwizi alichofanya ni kusajili kwenye akaunti yako ufunguo wa API, ambao unaiwezesha programu yake kuona biashara zako na kuzifuta. Leo unamtumia mnunuzi wa kweli ofa yenye kisu chako. Ndani ya sekunde chache programu ya mwizi inaifuta ofa hiyo, inabadilisha jina na picha ya akaunti yake ziwe kama za mnunuzi wako, na kuleta ofa nyingine ya kisu kile kile. Unafungua simu, unaona jina na picha unazozitarajia, unathibitisha. Kisu kimekwenda kwa mwingine.

Jina na picha huigwa kwa sekunde. Ngazi ya akaunti si rahisi kuiga hivyo, na tarehe iliyofunguliwa haiigiki. Kabla ya kutuma, viandike pembeni, kisha uvilinganishe na vinavyoonekana kwenye simu wakati wa kuthibitisha. Ukiona ofa uliyotuma imefutwa bila wewe kuifuta, usithibitishe chochote: nenda kwenye ukurasa wa Steam wa kusajili ufunguo wa API, ufute ufunguo wowote usioujua, badilisha nenosiri, na utoe vifaa vyote vilivyoingia kwenye akaunti. Mpangilio huo una maana, kwa kuwa wanaobadilisha nenosiri peke yake huweza kuuacha ufunguo wa mwizi ukiendelea kufanya kazi.

Hatua ya 8: Pesa halisi

Ukitaka kugeuza pesa kuwa sarafu ya mchezo, tumia njia ya kampuni yenyewe ikiwa ipo. PLEX katika EVE, WoW Token ya World of Warcraft iliyoanzishwa mwaka 2015, na Bond za RuneScape zilizoanza mwaka 2013, zote zinafanya kazi kwa namna moja: mchezaji mmoja ananunua kitu hicho kwa pesa, anakiuza kwenye soko la ndani kwa sarafu, na mwingine anakitumia kulipia muda wake wa kucheza. Kila upande unapata alichotaka, na muamala wote uko dirishani.

Nje ya njia hizo, anayeuza kwa pesa ana hasara ya kimaumbile: mali ya mchezo ikishatoka hairudi, lakini malipo ya kadi na ya pochi nyingi za mtandaoni yanaweza kurudishwa siku kadhaa au wiki kadhaa baadaye, kwa madai kwamba kadi ilitumiwa bila idhini. Picha ya skrini ya malipo haina thamani yoyote. Fungua akaunti yako ya malipo kwa mkono wako na uangalie salio.

Mnunuzi naye ana hatari yake, na hii ni mpya. Tangu Julai 2025, Steam huwaruhusu wachezaji wa Counter-Strike 2 kutengua biashara zao zilizofanyika ndani ya siku 7 zilizopita, kwa gharama ya kuzuiwa kufanya biashara kwa siku 30. Ni kinga nzuri kwa aliyeporwa, na inafaa kila mchezaji aijue. Lakini aliyekuuzia skini kwa pesa nje ya Steam anaweza kuitumia kinga hiyo hiyo, akarudishiwa skini na kubaki na pesa yako. Ikiwa umeamua kununua kwa njia hiyo pamoja na hatari zake zote, malipo yasimfikie muuzaji kabla ya siku hizo kupita.

Kuhusu kununua akaunti nzima, ushauri wangu ni mfupi: usinunue. Aliyeifungua ana barua pepe ya kwanza, risiti za manunuzi ya kwanza na historia yote, na akiiambia kampuni kwamba ameibiwa, kampuni itamrudishia yeye. Anaweza kuiuza tena mwezi unaofuata.

Hatua ya 9: Ukishatapeliwa

Usimtukane tapeli wala kumtishia, na usifute gumzo. Piga picha za skrini zinazoonyesha mazungumzo yote na muda wake, na unakili namba au kiungo cha kudumu cha akaunti yake, kwa sababu jina atalibadilisha ndani ya saa moja. Angalia kama mchezo una muda wa kutengua, na kama upo, tengua kwanza kabla ya kuandika malalamiko. Kisha fuata mpangilio wa hatua ya 7: funguo, nenosiri, vifaa vilivyoingia, barua pepe. Peleka ripoti kupitia mchezo wenyewe, kwa maelezo mafupi yaliyopangwa kwa saa. Ikiwa umepoteza pesa halisi, wasiliana siku hiyo hiyo na benki au kampuni ya malipo.

Kuna ujumbe mmoja ambao unaweza kukufikia baada ya hapo. Mtu usiyemjua atakueleza kwamba yeye ni mfanyakazi wa kampuni ya mchezo, au ni fundi wa kompyuta aliyewahi kuwarudishia wengine, na kwamba anahitaji malipo kidogo, au anahitaji uhamishie vitu vilivyobaki kwenye akaunti yake ili avikague. Wengine huanza kwa kuomba radhi, wakisema walikuripoti kwa makosa na sasa ni lazima uzungumze na afisa fulani kwenye Discord. Wafanyakazi wa kweli hawafanyi kazi hiyo kwa ujumbe binafsi wa Discord, na hawahitaji kushika mali yako ili kuiona, kwa kuwa wanaiona tayari kwenye seva zao. Mzuie, mripoti, na usimjibu hata kwa neno moja.